Kila Mtu Meneja, Nani Akaange Samaki?

Mlioniandikia kulalamika kwamba nimemwacha Lorna jikoni wiki nzima, mikono imejaa unga mpaka viwikoni na mlango unafunguliwa, nimewasikia. Mmoja wenu ameniita katili. Haya, mlango umefunguka, na aliyeingia si Rudy, mchumba wake.

Aliingia mwanamke mfupi mwenye koti la kijivu, miwani mikubwa na mkoba wa ngozi uliochakaa pembeni. Theluji ilikuwa haijayeyuka mabegani mwake. Alijitambulisha kwa sauti ya mtu asiyependa kurudia maneno.

"Naitwa Okerlund. Afisa wa kazi, serikali kuu. Nimekuja kuangalia nani hapa anastahili ovataimu, malipo ya saa za ziada, na nani hastahili."

Gordi Haugen, bosi wa mgahawa, alikuwa amesimama nyuma ya Lorna. Akamnong'oneza sikioni, pumzi yake ikinuka vitunguu. "Sema wewe ni meneja. Ukisema vingine, harusi yako sahau."

Kwa waliokosa gazeti la wiki jana: Lorna Wisniewski, miaka arobaini na mmoja, ni msaidizi wa meneja katika mgahawa wa Haugen, pale kando ya ziwa, kaskazini mwa Wisconsin. Hilo ndilo jina la kazi. Kazi yenyewe ni kupaka samaki unga na kuwakaanga, na Ijumaa za Kwaresima ni kupaka na kukaanga mpaka usiku anaota ameota magamba. Analipwa mshahara mmoja kila wiki, afanye saa arobaini, afanye saa sabini. Na kwa kuwa saa zile za juu hazimgharimu Gordi hata senti, Gordi huzitumia zote.

Kesho yake, Jumamosi saa nane mchana, Lorna alikuwa anaolewa na Rudy Baszynski, dereva wa greda la theluji la wilaya. Harusi hiyo imeahirishwa mara nne. Mara ya kwanza ulikuwa ufunguzi wa msimu wa kuwinda kulungu, mgahawa ukafurika. Mara ya pili mpishi wa nyama alivunjika mguu. Mara ya tatu na ya nne Gordi alisema tu, "Meneja hana Jumamosi." Na sasa chama cha waendesha pikipiki za theluji kilikuwa kimeagiza chakula cha watu mia mbili, Jumamosi hiyohiyo.

Rudy ni mpole, lakini alikuwa amechoka. "Mara ya tano," alimwambia Lorna Jumatano, "narudisha suti dukani, na mimi mwenyewe najirudisha kwa mama."

Sasa mnaelewa kwa nini Lorna alimpaka unga samaki yule yule mara tatu.

"Wewe ni nani hapa?" aliuliza Bi. Okerlund.

Lorna alimtazama Gordi. Akaitazama beji kifuani mwake. "Imeandikwa hapa," alisema. "Msaidizi wa Meneja."

"Nimeiona. Lakini sikuiuliza beji."

Gordi alicheka kicheko kirefu kisichokuwa na sababu. "Afisa, karibu ukae. Nje baridi. Tukuletee samaki? Kahawa?"

"Siruhusiwi hata maji ya bomba."

Alitoa mkobani mkate wake uliofungwa kwenye karatasi, akauweka mezani, kisha akatoa daftari. Harufu ya samaki wa Haugen ilimpitia puani, na wote walimwona akimeza mate. Akafungua ukurasa mpya kwa ukali.

"Nina maswali matatu. La kwanza, huyu mama analipwa mshahara usiobadilika?"

"Kila wiki," alisema Gordi. "Hata akiugua."

"Vitabu vyako vinasema hivyo. La pili, mshahara umefika kiwango cha sheria?"

"Umepita."

"Umepita kwa dola nne."

"Kupita ni kupita, afisa."

"Sawa. La tatu ndilo lililonileta. Kazi yake hasa, ile ya kila siku, ni kusimamia watu? Kama ndiyo, hadai ovataimu. Kama siyo, anadai, na hiyo beji mtajua wenyewe pa kuipeleka. Anasimamia nani?"

"Kila mtu," alisema Gordi, akitanua mikono.

"Sheria inataka angalau wafanyakazi wawili wa kutwa."

"Ninao tisa."

Hapa lazima niwasimulie alichokifanya Gordi, maana mimi mwenyewe niliposimuliwa nilicheka hadi nikashika ukuta. Barua ya serikali ilimfikia Jumatatu. Gordi aliisoma nusu, kama anavyosoma kila kitu. Katika nusu hiyo aliona kwamba meneja hadai ovataimu. Hakungoja nusu ya pili. Alienda mbio kwenye lile duka linalochonga majina kwenye vikombe vya mashindano ya bowling, akachongesha beji, na asubuhi ya Ijumaa akawapandisha cheo watu wote kwa dakika kumi. Hakuna aliyeongezewa hata senti.

Bi. Okerlund alimgeukia mzee Vern, aliyekuwa kwenye sinki, povu mpaka mabegani. Beji yake ilisema: Meneja wa Vyombo. Akamgeukia Joyce, mhudumu wa siku nyingi: Meneja wa Ukumbi. Kijana wa viazi: Meneja wa Viazi. Mama wa mlangoni: Meneja wa Makoti. Alizunguka jiko lote akisoma vifua vya watu, kisha akarudi pale pale alipoanzia.

"Bwana Haugen," alisema polepole. "Hapa ndani, nani si meneja?"

Watu walianza kusomana beji.

Mzee Vern aliinua mkono unaochuruzika maji. "Labda samaki," alisema.

Gordi alianza kutokwa na kijasho chembamba. Lakini yule bwana hajawahi kukosa wazo, na hilo ndilo tatizo lake.

"Vern," alisema, "nimekushusha cheo."

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Nimekosa nini, bosi?"

"Hujakosa kitu. Wewe sasa ni mfanyakazi wa kawaida, na Lorna ndiye anakusimamia."

Vern aliwaza. Akamgeukia afisa. "Mama, samahani. Mfanyakazi wa kawaida analipwaje?"

"Kwa saa. Zikizidi arobaini kwa wiki, kila saa inalipwa kama saa moja na nusu."

Vern tayari alikuwa na saa hamsini na mbili tangu Jumapili. Aliing'oa ile beji kwa nguvu hata kifungo cha shati kikaondoka nayo, akaitumbukiza kwenye maji ya vyombo. "Nimeonewa sana," alisema, akijaribu kununa. "Lakini nitavumilia."

Joyce aliweka sinia chini kwa kishindo. "Na mimi nishushe."

"Wewe baki na cheo chako, Joyce."

"Gordi, nimekutumikia miaka kumi na miwili. Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Nishushe cheo."

"Joyce anastahili kushushwa, sikatai," alisema kijana wa viazi, "lakini mimi ni mzembe kuliko yeye. Kila mtu anajua."

"Mimi mwezi uliopita nilivunja sahani kumi," alisema mwingine.

"Mimi nachelewa kila Jumanne."

"Na mimi," alisema mama wa makoti kwa sauti ya kuungama, "ndiye niliyekunywa ile brandi yako ya Krismasi."

"Kumbe ni wewe?" Gordi aliruka. "Miaka mitatu namshuku padri."

"Basi nishushe."

Foleni ilikuwa imeshajipanga kutoka sinki hadi kwenye friji, watu wakisukumana, kila mmoja akitaja dhambi zake kwa sauti kubwa kuliko aliyetangulia. Nimeishi mji huu muda mrefu. Nimeona watu wakipigania viti kanisani, kuni, hata kulungu aliyegongwa na gari. Kupigania kushushwa cheo nilikuwa sijasikia.

"Vern na Joyce, basi," alipiga kelele Gordi. "Wengine wote mtabaki wakubwa mpende msipende." Alijifuta uso kwa kitambaa cha vyombo. "Haya, afisa. Wafanyakazi wawili hao. Lorna anawasimamia. Amekuwa akiwasimamia tangu zamani, kimoyomoyo."

"Bi. Joyce," aliuliza afisa, "Lorna hukupa amri gani?"

"Huniambia, 'Samaki tayari.'"

"Mzee Vern?"

"Huniambia, 'Pisha, mafuta ya moto.' Nami hupisha. Nidhamu ipo."

Kalamu ilikwaruza karatasi. Kisha ile miwani mikubwa ikamgeukia Lorna. "Jana. Tangu ulipoingia mpaka ulipotoka. Niambie ulifanya nini."

Gordi alikuwa anamkazia macho, na macho hayo yalisema harusi, harusi, harusi. Lakini Lorna si mjinga. Akikubali kuwa meneja, kesho yuko hapa na mia mbili wa pikipiki. Akikataa, Gordi atawaka. Kati ya Gordi anayewaka na Rudy anayerudi kwa mama yake, Lorna alimwogopa zaidi mama yake Rudy. Basi akasema kweli.

"Nilipaka samaki unga. Nikawakaanga. Nikakata kabichi za kachumbari, magunia mawili. Nikapanga sahani za karoti na achari. Nikazibua choo cha wanaume. Nikarudi kwenye samaki."

"Ratiba ya kazi anapanga nani?"

"Gordi. Nyuma ya boksi la bia."

"Na kusimamia?"

"Nilisimama," alisema Lorna. "Saa kumi na mbili mfululizo."

Vern alicheka hadi maji ya sinki yakamwagika. Gordi aliona mambo yanaharibika, akacheza karata yake kubwa.

"Ana mamlaka," alisema. "Hilo hajakwambia, ni mnyenyekevu. Lorna ana mamlaka ya kuajiri na kufukuza."

Kalamu ya Bi. Okerlund ilisimama hewani. "Hilo ni zito. Anaweza kumfukuza mtu?"

"Yeyote."

"Yeyote?" Safari hii aliyeuliza ni Lorna.

"Yeyote aliye ndani ya jengo hili," alisema Gordi, akajipiga kifua. "Isipokuwa mimi."

Lorna alijifuta mikono kwenye aproni iliyojaa unga, kidole kimoja kimoja. Kwenye kaunta ya baa, mlango wa jiko ukiwa wazi, alikuwa amekaa Dale Lindqvist, shemeji yake Gordi, mdogo wa mke wake. Dale amekula mshahara wa mgahawa ule miaka ishirini na miwili. Beji yake ilisema Meneja wa Usalama, na kitu pekee alichokilinda miaka yote hiyo ni kile kiti alichokalia.

Lorna aliwaza haraka. Gordi hathubutu kumgusa Dale, mkewe atamla mzima mzima. Gordi akisikia Dale kafukuzwa, ataruka kulifuta hilo mbele ya afisa. Akifuta, itajulikana kwamba Lorna hana mamlaka hata ya kufukuza paka. Atakuwa mfanyakazi. Na mfanyakazi aliyeshavuka saa arobaini, kesho kila saa yake ni moja na nusu. Gordi ni bahili kiasi kwamba ataona afadhali ambebe mgongoni mpaka kanisani kuliko kumlipa hivyo.

"Dale," aliita.

"Naam."

"Umefukuzwa kazi."

Dale hakuinua macho kwenye gazeti lake. "Kazi gani?" aliuliza.

Lorna alimtazama Gordi na kungoja. Uso wa Gordi ulikuwa mwekundu, ukawa mweupe, midomo ikamcheza. Kisha, taratibu, mbele ya watu wote, Gordi akatabasamu.

"Sawa," alisema.

"Sawa nini?" aliuliza Lorna.

"Amefukuzwa. Meneja kasema. Mimi ni nani nimpinge meneja wangu?" Alikuwa anang'aa. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiiota siku hiyo, na sasa imekuja bila yeye kuinua kidole, na serikali ni shahidi. "Andika, afisa. Andika na saa kabisa."

Lorna alikuwa amejipalia makaa mwenyewe. Hakuwa amehesabu kwamba chuki ya Gordi kwa shemeji yake ni kubwa kuliko woga wake kwa mkewe.

Bi. Okerlund aliandika. "Amefukuza mtu, na bosi amekubali," alisema, akisoma kwa sauti. "Bi. Lorna, hili linabadilisha mambo. Linabadilisha sana."

Dale alimalizia bia yake, akavaa kofia ya manyoya, akatoka kwa mlango wa mbele bila kumuaga mtu. Mkumbukeni huyo Dale na mlango aliotokea.

Gordi aliinama sikioni mwa Lorna. "Kesho saa moja asubuhi, meneja," alinong'ona kwa furaha. "Viazi vya watu mia mbili."

Kupitia mlango wa chumba cha makoti Lorna aliliona gauni lake jeupe likining'inia kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa amelileta ili akitoka kazini aende nalo moja kwa moja kwa fundi. Machozi yalimtoka, yakachora mistari miwili kwenye unga wa mashavuni. Aliumia, nami sioni haya kusema niliumia pia.

Ndipo mlango wa mbele ulipofunguliwa kwa teke.

Marlys Haugen, mke wa Gordi, huingia saa kumi kamili kila siku, nywele zimetengenezwa, kupokea wageni. Siku hiyo nywele zilikuwa zimetengenezwa lakini uso haukuwa wa kupokea wageni.

"Kwa nini mdogo wangu anatembea kwa miguu kwenye theluji akisema amefukuzwa?"

Jiko zima lilimnyooshea kidole Lorna. Lorna alimnyooshea Gordi. Gordi akamnyooshea afisa.

"Ni sheria, mke wangu," alisema. "Siwezi kuipinga serikali."

Marlys alivua glavu moja. "Gordi. Jengo hili la nani?"

"Letu."

"Gordi."

"La baba yako."

"Na baba alimwachia nani?"

"Wewe."

Akavua ya pili. "Na tangu baba afariki, miaka ishirini na minane, nani ameajiriwa au kufukuzwa hapa bila mimi kutia sahihi?"

"Hakuna," alisema Gordi.

"Ulitaka kumfukuza Vern mwaka ule wa mafuriko. Vern yuko wapi?"

"Kwenye sinki," alisema Gordi.

Vern alipunga mkono.

"Basi Dale yuko kazini," alisema Marlys. "Na huyu Lorna, masikini, hawezi kufukuza hata nzi. Tangu lini akapewa watu wa kufukuza?"

Bi. Okerlund alikuwa ameshageuza kalamu. Alipiga mstari mrefu juu ya yale aliyoandika. "Bi. Haugen, swali moja. Lorna akipendekeza mtu aajiriwe, huwa unamsikiliza?"

"Mwaka juzi aliniletea binamu yake. Mpaka leo sijamjibu."

"Inatosha." Alifunga daftari. "Bi. Lorna Wisniewski ni mfanyakazi. Si msimamizi wa mtu yeyote. Anadai ovataimu ya wiki hii, na ya miaka miwili nyuma."

Vern alipiga sufuria kama ngoma. Joyce alimkumbatia kijana wa viazi, kisha akajishtukia na kumwachia. Lorna alibaki amesimama, anacheka na kulia kwa pamoja, hajui aanze na lipi.

Lakini Marlys ni binti wa baba yake. "Akija kesho," aliuliza polepole, "analipwaje?"

"Wiki hii ameshafika saa hamsini na sita," alisema afisa. "Kesho kila saa ni moja na nusu."

Marlys hakuhitaji karatasi ya kupigia hesabu. "Lorna, mwanangu," alisema, "nenda ukaolewe. Nikikuona hapa kesho, naita polisi."

Lorna alimkumbatia Marlys. Akamkumbatia Vern. Akamkumbatia hata Gordi, na kila aliyekumbatiwa alibaki na viganja viwili vyeupe mgongoni. Nilidhani hapo ndipo nitakapopumzika. Lakini Bi. Okerlund alikuwa amefungua daftari upya.

"Bwana Haugen. Kama mali ni ya mkeo, na kufukuza huwezi, wewe hapa ni nani hasa?"

Gordi alishika kifua chake. "Meneja Mkuu. Imeandikwa."

"Sikuiuliza beji. Unafanya saa ngapi kwa wiki?"

Gordi alianza kuhesabu kwa vidole. Vidole viliisha, akarudia mkono wa kwanza. Kisha uso wake ukapambazuka.

"Themanini," alisema. "Marlys, mpenzi wangu. Themanini."

"Funga mdomo, Gordi," alisema Marlys.

Simu ya ukutani ililia. Joyce aliichukua, akasikiliza, akaugeuza mkono wa simu upande wa Lorna kama anayekabidhi kitu cha moto. "Mama yake Rudy."

"Mama, shikamoo," alisema Lorna, bado anacheka. "Nina habari."

"Ninazo," alisema mama yake Rudy. "Dale Lindqvist alimkuta Rudy kituo cha mafuta, anajaza greda. Kamwambia umekuwa meneja kweli kweli, umemfukuza mbele ya serikali, na kesho unaamkia viazi vya watu mia mbili."

"Si kweli, mama. Ilikuwa kweli kwa dakika kumi tu."

"Dakika kumi zimetosha. Rudy amepita hapa kuchukua risiti ya suti. Hakusema neno. Ameenda dukani kuirudisha, na Dale amepanda naye kwenye greda."

"Nampigia sasa hivi."

"Simu yake ameisahau hapa mezani, hiyo unayoisikia inalia ni yeye anatafutwa na wilaya, barabara zimezibwa na theluji." Mama yake Rudy alivuta pumzi. "Mwanangu, mimi nakupenda. Lakini nimeshaanza kutandika kitanda chake."

Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika ishirini na tano. Duka la suti hufungwa saa kumi na moja, na likishapokea suti halirudishi. Nje, magari yote ya wafanyakazi yalikuwa yamezama mpaka madirishani. Na mtu pekee wa kuifungua barabara ile ndiye aliyekuwa anakimbizwa.

Gari moja tu lilikuwa na minyororo kwenye magurudumu. Lilikuwa jeupe, na mlangoni lilikuwa na nembo ya serikali.

"Afisa," alisema Lorna.

"Siruhusiwi kupokea kitu."

"Sikupi kitu. Nakuomba."

Bi. Okerlund alitazama saa yake ya mkononi. Akatazama mkate wake uliokauka, akawatazama wale samaki. "Wiki hii nimeshafanya saa thelathini na tisa na ushee," alisema. "Ikigonga kumi na moja zinatimia arobaini. Baada ya hapo siruhusiwi kufanya kazi hata dakika moja bila kibali cha mkuu wangu, na mkuu wangu yuko likizo Florida."

Mabega ya Lorna yalishuka.

Afisa alisimama, akavaa koti lake la kijivu, akakamata funguo. "Duka la mjini linauza suti tu, au linaajiri na watu?"

"Linaajiri, mama. Wanne."

"Basi nina sababu ya kulikagua. Chukua gauni lako."

Walitoka mbio, unga ukipepea nyuma ya Lorna, Vern akipiga sufuria mpaka walipopotea. Nani aliyebaki kukaanga samaki wa Ijumaa ile sijui, nadhani ni Gordi, kwa saa moja na nusu. Gari lilikata theluji, likateleza darajani, likazunguka mara mbili pale njia panda penye sanamu ya samaki. Bi. Okerlund aliendesha mgongo umenyooka, mikono miwili kwenye usukani, bila kusema neno, na Lorna alisali sala zote alizofundishwa na mbili alizotunga mwenyewe.

Saa kumi na dakika hamsini na nane walifika dukani. Greda la njano lilikuwa limeegeshwa mbele, injini inanguruma, mlango wazi. Kiti kilikuwa kitupu.

Lorna aliruka kabla gari halijasimama. Alisukuma mlango wa duka, gauni mkononi, unga usoni. "Rudy," aliita. "Nina Jumamosi. Nimeipata, Rudy."

Rudy hakujibu, kwa sababu Rudy hakuwemo. Mbele ya kioo kirefu alisimama mwanaume mmoja amevaa suti ile ile ya harusi, anaikaza tai, na kwenye tundu la koti ameshachomeka ua jeupe la bwana harusi.

Akageuka. Alikuwa Dale.

"Afadhali umekuja," alisema Dale. "Rudy kaniachia ujumbe wako na suti yake, kesho nisimame mbele ya padri badala yake."

Mengine wiki ijayo, na msiniite katili.